Baba mdogo hataki acheze mpira, nimjibu nini?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, naendesha bodaboda hapa Tanga, tunaishi Makorora. Baba yetu alifariki miaka minne iliyopita na mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu wa kike ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Anacheza mpira, winga wa kulia, na mwaka huu alichaguliwa timu ya wilaya ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Sasa timu moja ya wasichana ya mtaani imemtaka, mazoezi siku nne kwa wiki. Baba mdogo amekataa. Anasema keshavunja ungo, mwari hakimbii na kaptura mbele za watu, na nani atamposa. Bibi anasema mpira utamharibu kizazi. Mama anasema yeye hana neno, tumsikilize baba mdogo. Mdogo wangu hasemi na mtu wiki ya pili sasa. Mimi nataka acheze, ila kusema kweli hata mimi kijiweni wananicheka, wanamwita jike dume. Nimwache acheze? Na nikimwacha, baba mdogo nimjibu nini?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo ulioachiwa ukiwa na miaka ishirini tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuna sentensi umeichomeka karibu na mwisho, ile ya kijiweni, kama mtu aliyempeleka mtoto zahanati, akifika mlangoni pa kutokea ndipo anamwambia daktari kwamba hata yeye kifua kinambana. Nayo tutaifikia. Tuanze na baba mdogo.

Nimefundisha wasichana zaidi ya miaka ishirini, mpira wa pete kwanza kisha wa miguu, na kabla ya hapo nilicheza mwenyewe. Katika miaka hiyo nimeketi kwenye mikeka na viti vya plastiki vya wazazi mpaka nikajua nyumba zipi zinaweka tangawizi kwenye chai. Karibu wazazi wote hufungua mazungumzo kwa neno moja: mila. Wengine husema dini, wengine heshima ya nyumba. Mimi nanyamaza, nanywa chai. Kikifika kikombe cha pili maneno huanza kubadilika. Huyu anarudi saa ngapi? Anapita njia gani, kile kichochoro cha nyuma ya soko? Huyo kocha ana mke? Na vyombo vya mchana nani ataosha? Hapo ndipo ninapotoa daftari langu, maana hayo ni maswali yanayojibika.

Kwa hiyo usibishane na baba mdogo juu ya mila. Utashindwa, na hata ukishinda utakuwa umemuumbua mtu ambaye utamhitaji akae mbele siku ya posa ya mdogo wako huyohuyo. Zungumza naye juu ya saa, njia, nguo na watu.

Saa ndiyo rahisi. Timu nyingi za mtaani hufanya mazoezi jioni kwa sababu ya jua. Nenda kwa kocha, mwombe ratiba iliyoandikwa. Kama wanaanza baada ya sala ya alasiri na filimbi ya mwisho inalia saa kumi na mbili kasorobo, binti atakuwa nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Mwaka mzima jua la Tanga halibadiliki sana, kwa hiyo huo ni utaratibu wa kudumu, isipokuwa Ramadhani, ambapo mimi mazoezi yangu huyapunguza yakawa mepesi na mafupi, au huyahamishia usiku baada ya tarawehe kama uwanja una taa na wazazi wapo. Na wewe una pikipiki. Mwambie baba mdogo, "Nitamfuata mwenyewe." Nimeona maneno hayo mawili yakifungua milango ambayo barua za shule zilishindwa. Lakini piga hesabu kwanza. Jioni ndiyo saa ya abiria. Ukiahidi siku nne ukatimiza mbili, wiki ya tatu baba mdogo atakuwa sahihi na wewe utakuwa mwongo. Kama unaweza siku mbili, sema mbili, na hizo nyingine watafute wachezaji wenzake wanaoelekea upande wenu. Binti mmoja anayetembea na daluga mkononi mtaa utamsema. Wakiwa watatu, mtaa unasema ile timu inarudi.

Hapohapo kwenye saa weka na shule. Yuko kidato cha pili, na mwisho wa mwaka kuna upimaji wa kitaifa. Asipofaulu anarudia darasa, na lawama zote zitaangukia mpira hata kama kosa ni hesabu za aljebra. Kubalianeni tangu sasa: kuanzia Septemba mazoezi yanashuka kutoka siku nne hadi mbili. Kocha akikataa hilo, ujue kocha huyo anamtaka winga kuliko anavyomtaka mtoto.

Sasa kaptura. Hapa baba mdogo atashangaa, maana jambo lenyewe limeshamalizwa huko juu siku nyingi. Ni kweli kulikuwa na wakati ambapo kanuni za mpira zilikuwa ukuta. Juni 2011 wasichana wa Iran walifika Amman kucheza na Jordan mechi ya kufuzu Olimpiki, wakazuiwa kwa sababu ya hijabu, wakapoteza mechi bila kupiga teke moja. Miaka mitatu baadaye, Machi 2014, kanuni ikabadilishwa: ushungi wa michezo ukaruhusiwa rasmi, mradi ubane vizuri na usiwe na pini. Na mwaka 2023, kwenye Kombe la Dunia kule Australia na New Zealand, beki wa Morocco, Nouhaila Benzina, aliingia uwanjani dhidi ya Korea Kusini na hijabu yake kichwani. Morocco walishinda 1-0. Mradi rangi zifuate kanuni, hakuna refa wa Tanga anayeweza kumwambia mdogo wako avue taiti ndefu au ushungi. Akitokea anayesema hivyo, hajui kanuni.

Kivitendo: taiti ndefu ya rangi ya kaptura ya timu, fulana ya mikono mirefu ya rangi ya mikono ya jezi, na ushungi mweusi au wa rangi ya jezi, wa kuvaa kichwani kama kofia, usiofungwa kwa pini. Fundi yeyote wa mtaani anaushona kwa kitambaa cha kunyumbuka kama cha taiti; usichukue cha pamba, kikilowa jasho kinakuwa kizito na kinashuka machoni. Ongeza sidiria ya michezo. Hili ni la mama au shangazi kumnunulia, wewe toa hela tu. Wasichana wengi wanaoacha mpira wakiwa na miaka 14, 15, wanaacha kwa sababu kifua kinauma na kinaangaliwa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna nguo ya kazi hiyo.

Mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa. Najua tu kwamba Abu Dawud amepokea hadithi ya Bibi Aisha akishindana mbio na Mtume (S.A.W.), mara ya kwanza akamshinda, mara ya pili akashindwa. Mpelekee swali imamu wenu, na umuulize kwa vipande: kujistiri, kuchanganyika na wanaume, na nyakati za sala. Ukimuuliza kwa jumla, "Je, mwanamke kucheza mpira inafaa?", utapata jibu la jumla.

Pia baba mdogo asidhani kwamba mdogo wako ndiye wa kwanza kuanzisha hili pwani. Unguja, Women Fighters walianza mwaka 1988. Hao leo ni mama wa watu. Ligi Kuu ya Wanawake ya Bara ipo tangu 2016. Mwaka 2022 Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17, rika la mdogo wako kabisa, walikwenda Kombe la Dunia kule India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Kila mmoja wao ana baba mdogo wake mahali fulani. Na kama mzee ni mtu wa kuangalia upande wa Makka kwa kila jambo, mwambie Clara Luvanga, Mtanzania, amefunga mabao Riyadh katika klabu ya Al-Nassr, kwenye ligi ya wanawake ya Saudia iliyoanza 2022. Nchi hiyo wanawake wake hawakuruhusiwa hata kuingia uwanjani kutazama mpaka Januari 2018. Mimi nilipoisikia habari hiyo ya Saudia nilikaa kitako. Nilijiona mjinga kwa miaka yote niliyokuwa naomba radhi.

Ila nakusihi, usimuuzie baba mdogo ndoto ya Ulaya wala ya Riyadh. Taja majina hayo kuonyesha kwamba jambo linawezekana kwa heshima, basi. Wasichana wanaoishi kwa mpira nchi hii ni wachache, na ukiahidi pesa, siku pesa isipokuja mpira wenyewe utaonekana ulikuwa udanganyifu.

Twende kwa bibi. Huyu ninampenda, kwa sababu hofu yake ina mahali ilipokaa na mtu anaweza kuigusa. "Utamharibu kizazi." Mfuko wa uzazi uko ndani kabisa ya nyonga, umezungukwa na mfupa. Kukimbia hakuutingishi ukatoka mahali pake. Muulize bibi, kwa adabu, wanawake wa Tanga wamepanda baiskeli miaka mingapi? Wamebeba ndoo za maji kichwani, wametwanga kinu kwa mchi wenye uzito kuliko mpira mara nyingi. Kizazi chao kilifanya nini? Halafu mpe mfano wa jirani. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mtoto Juni 2018, akarudi uwanjani, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Tokyo mwaka 2021, na tena Paris 2024.

Nyuma ya "kizazi" mara nyingi kuna neno jingine ambalo bibi hawezi kulitamka mbele yako. Bikira. Wewe ni kaka, si mahali pako kulizungumza, kwa hiyo kama kuna shangazi, au somo wa mdogo wako wa unyago, anayeelewa, mpe ujumbe huu: ile ngozi hutofautiana kwa kila msichana, inaweza kunyumbuka au kuchanika bila mwanamume yeyote kuhusika, na hakuna daktari anayeweza kuitazama akajua msichana amelala na mtu au hajalala. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali, kwa kuwa hauna msingi wa kitabibu. Heshima ya binti haiko kwenye kipimo.

Ukitaka bibi awe upande wako kabisa, muulize alicheza nini utotoni. Usimwambie unauliza kwa nini. Wa rika lake wengi walicheza rede: wawili wanarushiana mpira wa matambara, mmoja katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akiukwepa. Mwache asimulie. Nimeona bibi wa miaka sabini akisimama kwenye baraza kuonyesha alivyokuwa akijikunja, kanga kaifunga kibwebwe, wajukuu wanapiga makofi. Baada ya hapo ni vigumu kidogo kusema wasichana wa zamani hawakukimbia. Mwaka 1965, Theresia Dismas wa Tanzania alirusha mkuki kule Brazzaville kwenye Michezo ya Afrika akarudi na medali ya fedha. Watu wanasema "zamani" kana kwamba ni nyumba moja yenye chumba kimoja. Na mpira wa pete, ambao hakuna mzee anayeupigia kelele, nao uliletwa na Waingereza kwenye shule za wasichana.

Kuna mambo mawili ya mwili ambayo bibi hakuyataja na mimi ndiyo yanayonipa wasiwasi. La kwanza ni magoti. Wasichana huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na mara nyingi hakuna aliyewagusa: anaruka, anatua, goti linaingia ndani, basi. Nenda uwanjani ukaangalie dakika ishirini za mwanzo. Kama kocha anawaacha wakimbie mizunguko miwili halafu wanagawana timu, hiyo si kupasha. Anapaswa kuwafundisha kutua: magoti yamekunjwa, yanaelekea mbele sawa na vidole, yasigongane, kusimama mguu mmoja, kukimbia na kusimama ghafla. FIFA ina utaratibu wake wa mazoezi hayo, hauhitaji kifaa chochote, na umeonyesha kupunguza majeraha. Muulize kocha kama anaujua.

La pili ni sahani. Msichana anayekua, aliye kwenye hedhi, anayekimbia siku nne kwa wiki, kisha anakula ugali mkavu wa mwisho baada ya wanaume kushiba, ataishiwa damu. Utamwona amechoka, anapumua kwa shida akipanda ngazi, macho meupe kwa ndani. Dagaa, maharage, matembele, na ndimu au chungwa juu yake, maana ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai aiweke mbali na mlo, inazuia. Na kama siku zake zikikatika miezi mitatu, msikimbilie kumshuku. Ndiyo, aende zahanati akaangaliwe, lakini mjue kwamba kukosa chakula cha kutosha kwa kazi anayoifanya kunaweza kuzikata.

Juu ya posa sina mengi. Mwanafunzi haozeshwi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kwenda jela miaka 30, na anayesaidia kumwozesha naye ana kosa. Kwa hiyo swali la "nani atamposa" halina haraka, baba mdogo analiuliza mapema mno.

Kocha, sasa. Hapa niko upande wa baba mdogo, na ningependa umwambie hivyo. Hofu yake ya mwanamume mwenye filimbi ni hofu halali. Niliwahi kusaidia timu moja, siitaji, ambayo kocha wake alikuwa hodari na anasifiwa mtaa mzima, na mabinti wawili wakaanza kukosa mazoezi bila sababu. Tulichelewa kuuliza. Tangu siku hiyo nina masharti, na wewe yachukue kama yalivyo. Kuwe na mwanamke mzima kwenye kila mazoezi na kila safari, matroni wa kweli, si mchezaji mkubwa aliyepewa cheo. Kocha asimpigie simu wala kumwandikia meseji binti; apige kwako au kwa mama. Pasiwe na mazoezi ya mtu mmoja na kocha, pasiwe na "nikupe lifti", pasiwe na zawadi ya viatu isiyopitia nyumbani. Wakisafiri, walale wapi, na nani, uandikiwe. Mtu mwema hatakasirika ukimwuliza haya. Na mdogo wako ajue namba 116, simu ya watoto, na ajue kwamba kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Umwambie pia, mapema, kabla ya lolote: akikuambia jambo baya limetokea, adhabu yake haitakuwa kuachishwa mpira. Wasichana wengi hunyamaza kwa hofu hiyo moja.

Ukiweza, mchague kocha mwanamke, au timu ambayo wasichana wenyewe wanafundishwa urefa na uongozi. Ng'ambo ya mpaka, Kilifi nchini Kenya, shirika la Moving the Goalposts limefanya hivyo tangu 2001, kwenye vijiji vya pwani vyenye baba wadogo wengi kama wako. Wasichana ndio wanaopuliza filimbi, ndio wanaopanga mechi na kuandika matokeo. Mzazi akimwona bintiye ameshika daftari la timu, anaona kitu anachokitambua. Daftari halijawahi kumtisha mtu.

Nimebakiza vyombo. Katika nyumba yenu, baba mdogo hajavitaja, lakini mama kasema "sina neno", na mimi nikisikia mama kasema hivyo najua kuna kazi anaiona inamjia. Binti akiwa uwanjani saa kumi na moja, nani anachota maji? Nani anamenya viazi? Kama jibu ni mama, basi umemwongezea mama mzigo ili wewe uonekane kaka mwema. Jibu lazima liwe wewe, angalau siku mbili. Usicheke. Mimi nilikataliwa mpira miaka ya tisini. Daluga zangu zilikaa kwa shoga yangu, ndani ya gunia la mkaa, nikirudi nanuka mkaa na jasho na kila mtu anajifanya hajui. Siku shangazi alipozigundua aliziweka katikati ya ua, akaita watu. Hakuna aliyenipiga. Mama alisema tu, "Na kazi za jioni?" Kaka yangu alikuwa anatengeneza redio pale barazani. Hakuinua kichwa, akasema, "Nitachota mimi." Akachota. Mitungi mitano, siku tatu kwa wiki, mpaka nilipomaliza shule, na watoto wa mtaani wakimwimbia njiani. Mama yangu hakuwahi kusema ndiyo, mpaka leo. Lakini jioni ile ya kwanza nilirudi nikakuta sahani yangu imefunikwa kawa, na wali bado una moto.

Ndiyo maana nakurudisha kijiweni. Wanaocheka wanakutazama wewe kuliko wanavyomtazama yeye. Ukicheka nao kidogo, hata nusu, umewapa ruhusa, na yeye atasikia kabla hujafika nyumbani. Huna haja ya kupigana wala kutoa darasa. Wakisema jike dume, wewe jibu matokeo: "Jumamosi walishinda mbili bila, la pili kapiga yeye." Useme kama unavyosema matokeo ya Coastal Union. Watarudia mara tatu, nne, halafu watauliza mechi ijayo ni lini. Vijana wa kijiweni udhaifu wao ni mmoja, hawawezi kuona mpira unapigwa wakaendelea kukaa.

Na kama baada ya yote haya baba mdogo bado hataki? Basi usimfiche mdogo wako acheze kwa siri. Siri ndiyo inayomweka kwenye kichochoro bila mtu kujua alipo, na siri ndiyo silaha ya kocha mbaya. Omba kitu kidogo: abaki na timu ya shule tu, ile ambayo tayari mzee aliimeza mpaka akafika UMISSETA, na mzungumze tena baada ya mitihani. Umwombe pia aje aangalie mechi moja. Asikae karibu, wazee hawapendi kuonekana wamekubali. Mtafutie kivuli upande wa goli la mbali na mtu wa rika lake wa kuzungumza naye. Usimuulize ameonaje. Mrudishe nyumbani.

Kabla ya haya yote kuna jambo moja. Katika barua yako baba mdogo amesema, bibi amesema, mama amesema, kijiwe kimesema, na wewe umesema. Mdogo wako peke yake hajasema, na wewe umelitaja hilo kama tatizo la tabia. Mketishe leo jioni, umuulize anataka nini. Huenda hataki ile timu ya mtaani, anataka ya shule tu. Huenda kuna mtu pale anamwogopa. Huenda anataka kwenda mpaka mwisho na anangoja kuona kaka yake amesimama wapi. Ukimaliza kumsikiliza, muulize anavaa kiatu namba ngapi, kwa sababu nina hakika saa hizi anachezea daluga zako za zamani, na amejaza matambara mbele.